Ripoti Niliyoandika Kuhusu Macho ya Aber

Siku ya kuniaga ofisini walinikatia keki, na juu yake fundi alikuwa ameandika kwa krimu ya bluu "Mstaafu Zaituni". Nina miaka thelathini na miwili. Mama yangu kule Mafubira, anayeuza vitenge tangu sijazaliwa, aliona picha ya ile keki kwenye simu akauliza kama nimeugua. Sijaugua. Nimetembea miaka kumi na mmoja nyumba kwa nyumba na shule kwa shule, Jinja kwanza, kisha Mbale, nikiwatetea watoto wenye ulemavu wapate haki yao darasani. Sasa narudi shule mimi mwenyewe, kumalizia kidato cha tano na cha sita nilivyoviacha. Nitakaa dawati moja na watoto wa miaka kumi na saba. Soksi nimeshanunua.

Wadogo zangu mnaobaki, mmeniomba niwaandikie kazi hii inavyofanywa. Vyeo sikuwahi kupata, na mshahara mnaujua kwa sababu ndio huo huo mnaolipwa. Kwa hiyo naandika yaliyosalia.

Siku ya kwanza nilipokelewa na Madam Nambozo. Yeye ndiye mstaafu wa kweli, mwenye mvi zake, mwalimu wa shule ya msingi kwa miaka mingi huko kwao Mbale kabla ya kuja Jinja kuongoza ofisi yetu ya vyumba viwili. Alinipa futi ya fundi cherehani, daftari, kalamu ya risasi na vipande viwili vya chaki. Mimi nilitegemea pikipiki. Akanituma Walukuba, shule iliyo kati ya zile nyumba za zamani za wafanyakazi wa viwanda, nikae nyuma ya darasa la kwanza siku nzima.

"Jioni niletee swali moja," akasema.

Jioni nilimletea majibu kumi na moja. Madirisha yaongezwe, watoto wagawanywe, mwalimu apate msaidizi, na mengine ya namna hiyo. Alikuwa akimenya karanga. Alisikiliza yote mpaka mwisho, akapuliza maganda mkononi.

"Zaituni mwanangu, majibu yako ni mazuri. Nani aliuliza?"

Nikarudi kesho yake. Safari hii nilikuja na swali: kwa nini yule msichana wa dawati la tatu anaandika akiwa amesimama? Mwalimu wake alikuwa amechoka kumwambia akae. Ilituchukua wiki mbili kujua kwamba nyonga yake ya kushoto haikunji sawasawa, na kukaa kwenye lile benchi fupi kulimuuma kama jino. Hakusema kwa kuwa aliamriwa akae, hakuulizwa. Fundi seremala wa mtaani aliongeza kimo cha benchi kwa upana wa vidole vinne, tukapima kwa ile futi, na msichana akakaa. Nilirudi nyumbani nikiimba njia nzima. Nilidhani watoto wote wa dunia nitawamaliza kwa vidole vinne.

Haya mengine nayaandika kama yanavyonijia. Usiende shule Jumatatu asubuhi, watakusimamisha gwarideni uhutubie. Msalimie askari wa getini kwa jina lake, kwa sababu mwalimu mkuu akikukatalia, askari ndiye atakayekuambia siku ya kurudi. Saini kitabu cha wageni kabla hujasema lolote. Kisha omba kuonyeshwa choo. Watashangaa, lakini choo kitakuambia mengi kuhusu shule ile kuliko mwalimu mkuu: kama mlango ni mwembamba, kama kuna ngazi, kama kuna pa kushika. Na usimwombe mwalimu mkuu "amkubali mtoto". Hilo ni kubwa, atataka kikao. Mwombe kitu kinachoonekana, kama ubao wa kupitisha kiti cha magurudumu au dawati la mbele. Akishatoa hicho, mtoto atakuwa ameingia bila kikao.

Jambo la lugha nalo nilijifunza kwa kuumia. Mimi Kiswahili ndicho nilichokulia, sokoni kwa mama na madrasa. Jinja haikunipa shida. Lakini mara ya kwanza kutumwa vijiji vya Mbale, nilibisha hodi kwa Kiswahili safi, na bibi mmoja akamfungia mjukuu wake ndani ya ghala la mahindi. Kwake yeye, aliyewaona wanajeshi wa zamani, anayebisha hodi kwa Kiswahili amekuja kuchukua mtu. Tangu hapo nilianza na "mulembe", ndiyo salamu yao, nikanyamaza mpaka wanitafutie kiti. Kiswahili kilikuja baadaye, pamoja na chai.

Sasa nifike kwa Aber, maana nikizunguka zaidi mtasema namkimbia.

Nilikuwa na miaka minane kazini, umri mbaya sana wa kazi. Unajua vya kutosha kukosea bila kusita. Aber alikuwa na miaka saba, darasa la pili, binti wa askari magereza anayeitwa Afande Okot, mtu wa kaskazini, mrefu, mpole kuliko viatu vyake. Waliishi kota za magereza pale Jinja. Mwalimu wa Aber alituita kwa sababu mtoto alikuwa kitendawili. Hanakili kutoka ubaoni, au ananakili neno moja anaruka matatu. Anakanyaga chakula cha wenzake. Anapiga teke madumu ya maji yaliyo wazi mbele yake. Lakini mwalimu huyo huyo alimwona akisoma maandishi madogo kwenye kalenda iliyo ukuta wa mbali.

"Huyu anachagua cha kuona," mwalimu akaniambia.

Madam Nambozo alikuwa amekwenda kwao kuzika shemeji. Sikumngoja. Nilibandika ile karatasi yetu ya herufi ukutani, nikapima hatua, nikamziba Aber jicho moja, kisha la pili. Alisoma mistari yote mpaka wa chini kabisa, ule ambao mimi mwenyewe huusoma kwa kukumbuka. Mama yake alikuwa na sindano kwenye kanga. Nikampa Aber uzi, akatunga sindano mara ya kwanza. Nikafurahi. Niliandika kwamba mtoto anaona vizuri, shida yake ni utundu na kutotulia, nikatia saini na kupiga muhuri wa ofisi. Kazi yote haikufika nusu saa.

Sikuuliza swali hata moja. Nilipeleka jibu.

Muda si mrefu Afande Okot alipata uhamisho kwenda Mbale. Familia za askari mnazijua: leo kitanda kiko hapa, kesho kiko juu ya lori. Aber akaanza darasa la tatu huko, na ripoti yangu ikasafiri naye. Muhula wa kwanza haujaisha, mama yake akanipigia simu. Shule ilikuwa ikichimba shimo la choo kipya, shimo lenye upana wa chumba, na Aber alitembea mchana kweupe akatumbukia. Mkono ulivunjika. Mwalimu mkuu alikuwa amewaambia wazazi wakae naye nyumbani mpaka ajifunze nidhamu, na asipobadilika nafasi yake apewe mwingine.

"Dada Zaituni," mama Aber alisema kwa Kiswahili chao cha kota, bila hasira, na hilo ndilo lililoniuma, "mtoto naanguka kama mlevi, na karatasi yako nasema iko sawa. Mimi nifuate gani?"

Nilimweleza Madam Nambozo yote. Sikuficha ile nusu saa. Nilitegemea anigombeze, angalau tumalize. Badala yake akasema nimeuliza kama mtoto anaona, na hilo si swali, hilo ni mlango wa ndiyo na hapana. "Nenda ukaulize anaona wapi."

Nikapanda basi la Mbale asubuhi iliyofuata.

Kota zao mpya zilikuwa chini ya mlima, chumba na sebule, kitanda kimoja kimetenganishwa kwa pazia. Aber alikuwa kwenye mkeka, mkono ndani ya plasta, akichambua maharage. Nikakaa. Sikutoa karatasi. Nilimtazama mpaka chai ikapoa. Alikuwa akiokota haraka, kichwa kikienda huku na huku, juu na chini, kama kuku anayedonoa. Kila alichokilenga alikipata, hata kijiwe kidogo kama chawa. Lakini karibu na goti lake kulikuwa na maharage kama ishirini yaliyomwagika, na hakuyagusa. Kwake hayakuwepo.

Nikamwomba tucheze. Nilimkalisha akitazama ukuta, nikatia nukta ya chaki mbele ya pua yake, kiasi cha mkono ulionyooshwa.

"Tazama nukta tu. Mimi naleta kidole kutoka pembeni. Ukikiona, sema."

Nilianza mbali, karibu na sikio lake. Kidole kikaja, kikaja. Nilidhani amelala. Kilipokuwa kimekaribia kabisa nukta akasema, "Hicho." Nikaweka alama. Nikaja kutoka upande wa pili, kutoka juu, kutoka chini, nikaunganisha alama zote. Ukutani pakatokea duara dogo kama kisahani cha kikombe cha chai. Ndani ya kisahani hicho Aber anaona kuliko mimi. Nje yake hakuna kitu. Na ile karatasi yangu ya herufi, ikiwa mbali ukutani, iliingia yote ndani ya kisahani. Ningempima mwaka mzima angesoma vile vile.

Mama yake alisimama nyuma yangu akilitazama lile duara. Akasema ndiyo maana jua likizama mtoto hatoki nje. Wao walidhani anaogopa mapepo. Siku mbili baadaye tulikwenda kwa daktari wa macho. Alithibitisha, na akaongeza jambo ambalo sikulitaka: miwani haitasaidia, na duara hilo linaweza kuendelea kupungua. Kwa hiyo Aber alihitaji shule sasa hivi, na mwalimu wa kumfundisha fimbo nyeupe na kusoma kwa vidole, angali anaona anachojifunza. Hata muhula mmoja nyumbani ulikuwa mrefu mno.

Kazi iliyobaki ilikuwa kuwashinda watu wawili. Wa kwanza nilimtarajia.

Mwalimu mkuu, Bwana Mafabi, alikuwa mtu wa adabu na kalamu tatu mfukoni. Alisema Kiswahili chake alijifunza kwenye vizuizi vya barabarani enzi zile za wanajeshi, kwa hiyo anajua "simama" na "toa kitambulisho", nimvumilie. Kisha akazungumza Kiswahili kilichonyooka kuliko changu. Alifungua jalada la Aber, akageuza nakala ya ripoti yangu inielekee.

"Madam, saini hii ni ya nani?"

"Yangu."

"Na leo unasema kinyume. Sasa nimwamini nani, wewe wa mwaka jana au wewe wa leo?"

"Wa mwaka jana alikuwa na haraka, bwana."

Akatabasamu kidogo, lakini jalada alilifunga. Nikatoa karatasi mbili za daftari, nikazikunja mirija miwili; nilikuwa nimepima kwa futi mpaka zilingane na lile duara la ukutani. Nikamwomba aziweke machoni. Alisoma kalenda yake ya ukutani bila shida, mpaka jina la kiwanda cha uchapaji. Nikamwomba aende mlangoni. Hatua ya tatu, goti lake likakutana na benchi la wageni, na watoto waliokuwa dirishani wakacheka mpaka akawatazama kwa mirija, wakazidi kucheka. Alikaa, akasugua goti.

"Nimeelewa," akasema. "Lakini mkaguzi akija sitampa goti langu alitazame. Ripoti ya kwanza ina muhuri. Andika mpya, useme ya kwanza imefutwa, na mzazi aweke saini kwamba amekubali. Bila hiyo mimi nina karatasi, wewe una mirija."

Lilikuwa jambo la haki. Mtu wa pili, basi, alikuwa mzazi, na huyo sikumtarajia kabisa. Afande Okot, niliyekuja naye, alikuwa ameketi hapo hapo ofisini, amevaa sare, kofia juu ya goti, Aber kando yake. Alitoa bahasha, na ndani ya bahasha ikatoka ripoti yangu ya asili. Alikuwa ameipeleka kwa mpiga fotokopi wa Jinja akaitia ndani ya plastiki ngumu, kama watu wanavyofanya na vyeti vya ubatizo. Nilichukua kalamu nikitaka kuandika juu yake "nimekosea". Wino ukateleza kwenye plastiki, haukushika.

"Afande, nisamehe," nikamwambia. "Niliandika vibaya."

"Hapana," akasema taratibu. "Kwa Jinja watu ya kota nasema Okot nazaa kipofu. Hii karatasi mimi naonyesha wao, mlango kwa mlango. Nasema, soma. Sasa wewe nataka niweke saini hii ni uongo. Kesho naonyesha wao nini?"

Ninyi mtakutana na mzazi kama huyo, na mtatamani kumweleza sheria. Msimweleze. Mwalimu mkuu alitazama saa. Mimi nilitazama sakafu. Nilijua kwamba asipoweka saini, Aber anarudi kwenye mkeka wa maharage, na aliyemweka huko ni mimi.

Aber ndiye aliyesogea. Aliokota ile mirija mezani, baada ya kuitafuta kwa kichwa chake cha kuku, akampa baba yake.

"Baba, vaa."

Askari yule mrefu akatoka nje amevaa mirija ya daftari machoni, binti yake amemshika kidole. Sisi tukafuata. Uwanja ulikuwa mtupu, watoto wamerudi madarasani.

"Tazama mbali kwanza," Aber akamfundisha. "Sasa chini. Sasa huku. Sasa huku. Haya, hatua moja."

Afande akapiga hatua moja. Wakarudia. Hatua ya pili, ya tatu. Ya nne alisahau kutazama chini, na kiatu chake kikagonga dumu, maji yakamwagika mpaka kwenye soksi.

"Hiyo hata mimi inanishindaga," Aber akamliwaza.

Afande akateremsha mirija. Aliitazama njia aliyopita, ambayo ilikuwa fupi kama chumba.

"Kila siku iko hivi?"

"Kila siku."

"Mbona hukuambia baba?"

"Karatasi ilisema naona."

Hakunitazama, na nilishukuru kwa hilo. Alirudi ofisini, akainama juu ya meza, akaniambia niandike. Niliandika nikiwa nimesimama. Mstari wa kwanza ulisema kwamba ripoti ya awali ina kosa na kosa ni langu, kwa jina langu kamili. Mstari wa pili ulisema mtoto haoni pembeni. Yaliyofuata yalikuwa ya kuonekana: dawati la katikati mbele, uzio kuzunguka shimo, mawe yapakwe chokaa njia ya chooni, muda wa ziada wa mtihani, na mwalimu wa wasioona kutoka shule ya jirani aje mara mbili kwa wiki. Bwana Mafabi alibishana nasi kuhusu chokaa tu. Afande Okot akaweka saini, herufi kubwa kubwa, akaibonyeza kalamu mpaka karatasi ya chini ikapata alama.

Wadogo zangu, nimeandika ripoti nyingi, na nyingine ziliwafungulia watoto milango mizito zaidi. Sikumbuki maneno yake. Hii naikumbuka yote. Mtakosea, nami siwezi kuwazuia. Mkikosea, nendeni wenyewe, kwa basi, mkaseme mbele ya mtoto.

Jumatatu iliyofuata nilivunja kanuni yangu, nikaenda shule asubuhi. Nilihutubishwa gwarideni, nikasema "mulembe" na mengine machache, kisha nikaomba kukaa nyuma ya darasa la tatu. Aber alikuwa mbele katikati, plasta juu ya dawati. Mwalimu aliandika sentensi ndefu, ubao mzima. Aber alinakili kwa mkono mzima, kichwa kikienda na kurudi. Katikati ya mstari wa tatu kalamu yake ikasimama. Kichwa kikatafuta, juu, chini, kulia. Mwaka mmoja nyuma angeruka maneno matatu akaendelea. Nilianza kuinuka kwenye benchi.

Akainua mkono. "Mwalimu, neno limenipotea. Nionyeshe."

Mwalimu akashuka na chaki yake, akatazama daftari la Aber, akarudi kuweka kidole ubaoni chini ya neno, akakiacha pale mpaka Aber alipolipata. Nikakaa.